Mteja Wangu wa Kwanza

Koti nililovaa siku ya usaili lilikuwa la nesi wa zahanati, mtu wa Singida, aliyepanga nyumba ya jirani. Mabega yalinipwaya. Mama alinizunguka mara mbili, akanitoa uzi begani, akasema nimependeza.

Ilikuwa miaka sita tangu nimalize shahada ya fedha. Wenzangu niliosoma nao walishaoa na kuolewa, wengine wamejenga. Mimi nilikuwa nimerudi Kinyala kwa mama yangu, nachuma chai ya watu kwa kibarua, na vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Kwa hiyo kampuni kubwa ya bima na uwekezaji ilipotangaza kwamba inatafuta mshauri wa fedha wa Rungwe, niliomba siku ileile. Nilijiambia nikikosa na hii, sitaomba tena popote.

Usaili ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja pale Makandana. Mvua ilipiga bati hadi ikabidi tuongee kwa kupaza sauti. Wasaili walikuwa wawili: mwanamume aliyetoka Dar es Salaam na mwanamke aliyekuwa akiandika tu. Maswali ya kitaalamu niliyajibu bila kigugumizi. Nikaanza kupata matumaini.

Ndipo yule mwanamume akauliza, "Mama yako yupo?"

"Yupo. Analima maparachichi."

"Akiuza, fedha anaweka wapi?"

"Kwenye kikundi chao cha akina mama."

"Ukiwa mshauri wetu, utamwambia azitoe huko anunue mpango wetu?"

Mpango wenyewe nilikuwa nimeusoma mstari kwa mstari. Fedha zikiingia mle haziguswi kwa miaka mitatu. Mama ana ugonjwa wa moyo. Akizidiwa, kikundi humpa fedha siku hiyohiyo, na mara mbili ndicho kilichomfikisha hospitali. Jibu la kweli nilikuwa nalo mdomoni. Nilijua pia jibu wanalolitaka.

"Nitamwambia," nilisema. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Yule mwanamke aliacha kuandika, akanitazama, kisha akainama tena. Mwenzake akasukuma fomu mezani.

"Jumatatu ilete ikiwa na sahihi yake. Huyo ndiye mteja wako wa kwanza. Ukija nayo, kazi ni yako."

Nilimkuta mama uani anapukuchua maharage. Nilimweleza habari za kazi kabla ya habari za fomu, na nilifanya hivyo makusudi. Alipiga vigelegele hadi nesi akachungulia dirishani.

"Ndaga, asante, Mungu wangu! Nipe hiyo karatasi."

Hakuuliza imeandikwa nini. Alifuta mikono kwenye kitenge, akashika kalamu, kisha akasita.

"Mwanangu, nikiugua, hizi hela nitazipata?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifungua mdomo nimdanganye kabisa.

"Hapana, mama. Mpaka miaka mitatu ipite."

"Basi sitaugua," akasema, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, ulimi ukiwa umetoka nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

Siku mbili zilizobaki kabla ya Jumatatu nilimchunguza mama kwa kila kitu. Akipanda kutoka mtoni na ndoo, nilisikiliza pumzi yake. Akikaa kupumzika, nilihesabu muda. Jumapili asubuhi nilijifungia chooni nikalia, nikiuma kitambaa nisisikike. Niliitaka ile kazi. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Jumatatu nilirudi Makandana fomu ikiwa ndani ya bahasha, nami sijui bado nitafanya nini. Yule mwanamume alinyoosha mkono.

"Mama amekataa," nikasema.

Alinitazama kama mtu aliyepotezewa muda. "Kama mama yako mwenyewe amekushinda, nani utamweza?" Akamwita aliyefuata.

Nilipofika mlangoni, yule mwanamke alinifuata hadi nje, barazani. Nilidhani ananirudisha. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama kweli mama alikataa. Nikatikisa kichwa kukana. Aligeuka, akarudi ndani. Nilibaki barazani, maji ya paa yakinimwagikia koti la watu.

Nyumbani nilisema nafasi wamempa mwingine. Mama aliilaani ile kampuni kwa Kinyakyusa tangu mchana hadi tulipokula. Alisema fedha zake wangezipata wapi tena, wajinga wale, mteja mzuri kama yeye. Nilimwitikia. Kesho yake alfajiri nilifunga gunia kiunoni nikarudi kwenye chai, na mpaka leo hajui kwamba aliyemkataa mteja yule ni mimi.