Hilo Jina Bado Nalitumia

Ambwene alipoanza kujiita Asajile kwenye rap, mwenye jina, baba yake, alikuwa hai, anapalilia kakao zake Katumba Songwe.

"Mwanangu, hilo jina bado nalitumia," mzee Asajile alimwambia. "Waliokufa wako wengi, kaazime kwao."

Ambwene alicheka. Katika ukoo wao mrithi hukabidhiwa jina la baba siku ya kumaliza matanga. Alijiona anadokoa chake mapema tu, kama mtu anayeonja ubwabwa jikoni.

Ikaja lebo ya Dar na mkataba wa Kiingereza, kurasa ishirini na moja. Ambwene, mvusha mizigo wa Kasumulu, aliusaini kama fomu za mpakani: haraka, kabla mwenye muhuri hajaenda kula. Ukurasa wa tisa ulisema jina Asajile ni mali ya lebo. Wa kumi ulisema sauti yake nayo ni yao, miaka saba.

Walitoa nyimbo mbili, kumi na nne wakazifungia kabatini. Alipochana mistari minne kwenye harusi Mbugani, barua ya mwanasheria ilifika kabla maharusi hawajatoka fungate. Alipolalamika, jina wakampa kijana mwingine, mwenye meno mazuri, anayeijua Kyela kwa mchele tu.

Mwaka wa pili mzee Asajile akafa. Asubuhi ya kumaliza matanga meneja wa lebo alipiga simu.

"Kaka, tuyamalize. Kubali kwenye ile fomu niliyokutumia kwamba jina Asajile hulitumii tena popote, mpaka kufa. Sisi tunakurudishia sauti leo leo. Mwisho saa sita."

Saa sita kasoro dakika tano, shangazi Anyisile, dada wa marehemu, alisimama uwanjani na panga la kaka yake.

"Asajile!"

Ambwene alikuwa anatazama simu, kidole juu ya "Nakubali". Miaka mitano ya ububu ilikuwa imebaki.

"Asajile! Wewe! Mwenzako alikuwa anaitika hata akiwa chooni!"

Watu wakaangua kicheko. Ambwene hakukiondoa kidole. Akikosa kuitika mara ya tatu, jina la baba linakwenda kwa binamu yake Lameck.

"Asajile!"

"Naam, shangazi."

"Shangazi yako nani? Mimi sasa dada yako. Ndaga, asante, kaka yangu." Akamkabidhi panga.

Vigelegele, ngoma. Mrithi huingia uwanjani akamsifu baba yake kwa wimbo. Mistari Ambwene alikuwa nayo, thelathini na miwili, lakini simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande, zinarekodi. Akacheza mdomo umefumbwa.

"Imba basi!"

"Siwezi, dada. Sauti iko Dar."

Lameck, kwa moyo mweupe kabisa, akakimbilia spika amsaidie. Akafungulia wimbo mpya wa Asajile.

Basi Asajile wa Katumba Songwe akamcheza baba yake kwa sauti ya yule mwenye meno mazuri, na watu wakamsifu kwamba siku hizi ameimarika.