Godoro Lililorudi Tupu kutoka Bwejuu

Kabla sijafumbua macho nilisikia fimbo. Pu, pu, pu. Mama alikuwa uani kwetu Malindi, mjini Unguja, akipiga godoro la sufi lilainike, kwa ajili ya mdogo wake. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Mjomba Haji alikuwa na saratani ya kifua, na daktari alikwishasema haponi. Mama alitaka amuuguze mwenyewe siku zilizobaki. Nikatumwa kijijini kwake Bwejuu nikamchukue.

Saa mbili asubuhi nilipanda teksi ya kukodi, godoro limekunjwa nyuma. Kwenye msitu wa Jozani kulikuwa kumenyesha. Majani yalimeta kama yamepakwa mafuta.

Saa nne, Bwejuu. Bi Mize, mkewe mjomba, alinipokea mlangoni.

"Karibu, mwanangu. Lakini hali usimuulize. Kila ajaye anamuuliza, pumzi zinaishia kwenye 'sijambo'. Ingia ucheze."

Mjomba alikuwa ameketi dirishani, kifua amekiegemeza kwenye mto juu ya meza. Pembeni palikuwa na bao, na jirani aliyekuwa akifungwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mtu wa vitabu! Njoo wewe. Huyu nshamla mpaka kanzu."

Jirani akaondoka akilalamika kwamba wagonjwa wana dhuluma. Mjomba akacheka polepole, kwa vituo.

Adhuhuri, Bi Mize alimnywesha kijiko cha dawa ya maumivu. Nikashangaa, maana hakuwa ameugulia. Alipokuwa kwetu mjini, mama aliificha chupa mpaka mjomba alie, akihofu dawa itazoeleka.

"Mie siyangoji maumivu yabishe hodi," akasema Bi Mize. "Saa ya dawa ikifika, anakunywa, kama daktari alivyoagiza."

Nikajikaza. "Mjomba, mama kanituma nikuchukue. Nimekuja na godoro."

Akashusha kete zake moja moja, shimo kwa shimo.

"Nikilala nnazama, mwanangu. Hapa nnapumua. Mwambie dada aje yeye. Hali asiniulize. Tangu utotoni hajanifunga hata mara moja. Aje ajaribu."

Alasiri nilirudi. Njiani nilielewa kwamba kumuuguza mjomba ni kumbakishia pumzi za kuchekea.

Magharibi, mama aliliona godoro tupu, macho yakamjaa machozi. Nikamfikishia ujumbe, neno kwa neno.

"Sijamfunga?" Akajifuta machozi. "Muongo mkubwa! Mara mbili, na akalia!"

Asubuhi alijitanda buibui kwenda Bwejuu, akapita kando ya godoro bila kulitazama, akaufunga mlango nyuma yake.