Kisigino cha Aliye Mbele

Bibi yangu aliwahi kwenda pwani kwa miguu kutoka Tabora, akiwa mke mchanga, nyuma ya mumewe mpagazi, masufuria kichwani. Kwa hiyo nilipochaguliwa kwenda India kwa meli kusomea ufundi wa treni, miaka michache baada ya uhuru, mtaa wetu wote wa Isevya ulimwona yeye ndiye bingwa wa safari. Bahari yenyewe aliiona siku moja tu, na hakuipenda.

"Mume wangu," aliniambia, maana ndivyo bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu, "njiani usitazame mbali. Tazama kisigino cha aliye mbele yako. Ukitazama mbali utalia, na mwenye mzigo kichwani hana mkono wa kujifuta machozi."

Nikayabeba maneno hayo mpaka melini. Siku ya pili bahari ilichafuka, na tumbo langu likachafuka nayo. Nikainamisha kichwa, nikakodolea macho mbao za sitaha, na kila aliyepita nikafuata visigino vyake. Nilitapika chai, nikatapika maji, mwisho nikatapika nyongo. Abiria wenzangu walihamisha mikeka yao, na siwalaumu. Kiswahili sikukisikia kwa yeyote. Siku tatu sikuamkia mtu wala kuamkiwa, mimi niliyekulia mtaa ambao kutoka mlangoni hadi kisimani shikamoo ni kumi. Nilikuwa mpweke hata nikawa nazungumza na ndoo yangu.

Asubuhi ya siku ya nne daktari wa meli alinieleza, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba kama maji hayatakaa tumboni mpaka jioni, atanishusha Shelisheli nirudishwe nyumbani. Niliogopa hilo kuliko kufa. Nafasi ile ilikuwa moja kwa mkoa mzima, na mjukuu wa wapagazi aliyeshindwa na safari angechekwa mpaka siku anawaoza wajukuu zake.

Daktari alipoondoka, mzee wa Kigoa aliyekuwa akisugua sitaha alisimama mbele yangu. Kumbe alijua Kiswahili cha bandarini.

"Siku tatu unatazama miguu yangu. Ina nini?"

Nilimweleza habari za bibi. Hakucheka. Alinishika kidevu, akakiinua mpaka macho yangu yakafika pale bahari inapokutana na mbingu.

"Huku hakuna njia," alisema. "Shika mstari ule kwa macho. Usiuachie."

Nikaushika. Kufikia adhuhuri tumbo lilikuwa limetulia, nikala mkate mkavu. Lakini mstari ule ulizunguka pande zote, na popote nilipogeuka hapakuwa na mti, wala moshi, wala mtu. Ndipo nilipojua Tabora iko mbali kiasi gani. Nikalia, na mikono yangu yote miwili ilikuwa mitupu.

Jioni daktari alinikuta bado nalia. Akanipa glasi ya maji, nikanywa, yakakaa. Akanipigapiga bega, akidhani ni machozi ya furaha.