Ukurasa wa Kubaki

Harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, wanaokauka juu ya nyavu ndiyo hunirudisha kijijini Sori, nyuma ya jikoni kwa Dani, nyanya yetu, ambako mimi na binamu yangu Akoth tulicheza kalongolongo likizo nzima ya Agosti. Uji wetu ulikuwa tope, ng'ombe wetu walikuwa mawe, nami nilikuwa nimejiteua msimamizi wa mchezo, kwa kuwa nilipenda kusoma na sikujua kukimbia. Akoth aliniita Refa. Yeye siku zote alikuwa Dani: alijifunga leso, akainamisha mgongo, akasema lolote lililomjia, nami nikalazimika kutafuta linalofuata. Siku moja aliwaamuru ng'ombe wa mawe wavuke ziwa kwa kuogelea. Nilipinga. "Refa, nani Dani hapa?" aliniuliza, na ng'ombe wakavuka.

Nilichoka kushindwa. Shuleni nilikuwa nimeona kitabu kisicho na jalada ambamo msomaji huchagua njia, basi nikachukua daftari la hesabu lililobakiwa na kurasa chache, nikamwandikia Akoth hadithi: ukitaka hivi, fungua ukurasa wa nne, ukitaka vile, wa saba. Humo hakuna ng'ombe ambaye angeogelea bila idhini ya kalamu yangu. Shida ni kwamba wiki hiyo nilikuwa nimewasikia watu wazima wakizungumza jikoni. Mama yake Akoth alikuwa amezidiwa na ugonjwa, na shangazi anayeishi Ogwedhi, mbali na ziwa, angekuja Jumapili kumchukua Akoth akaishi kwake. Sikumwambia. Nadhani daftari lilimwambia kwa niaba yangu.

Alisoma akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kidole kikifuata mistari. Alijaribu njia ya ziwani, akarudi mwanzo. Akajaribu ya sokoni, akarudi tena. Zote ziliishia kwenye lori la ng'ombe la kwenda Ogwedhi.

"Ukurasa wa kubaki uko wapi?"

Nikasema karatasi zilikwisha. Alinitazama mpaka akaelewa. Akajifunga leso upya, akainamisha mgongo, akasema kwa sauti ya Dani, "Mtoto huyu haondoki hapa." Kisha akasubiri. Kazi yangu ilikuwa kusema kinachofuata. Nikasema mimi sichezi tena. Jumapili aliondoka bila kuniaga.

Siku hizi, nikiwa na shahada na kitambi, naishi Homa Bay na kuwaandikia hadithi vijana wanaotengeneza michezo ya simu. Huniuliza tofauti kati ya mchezo wa kuvaa uhusika na hadithi ya kuchagua njia. Nawaeleza kwa sauti ya mhadhiri: katika mchezo, mchezaji huja na lake na sheria zako lazima zimjibu, katika hadithi, hupita tu kwenye milango uliyomtobolea wewe. Ukiogopa kuulizwa usilolitarajia, nawaambia, tengeneza hadithi. Wanaandika kwa bidii.

Mwezi uliopita nilimtumia Akoth, ambaye sasa ni mfanyabiashara wa mifugo huko Ogwedhi, hadithi yangu mpya. Ina lori, na safari hii ina ukurasa wa kubaki. Alinipigia simu siku hiyohiyo, ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Refa, nimebonyeza kubaki. Inasema nimebaki, basi. Halafu?"

Nikamwambia bado naandika. Alisubiri kidogo, kama alivyosubiri siku ile na leso yake, kisha akasema ana mteja, akakata simu.