Hesabu ya Bwana Kilomita

Baba mdogo alipima mizigo ya ndege kwa miaka ishirini na mbili, na hakuwahi kupanda ndege hata mara moja. Hilo halikumzuia kujua kila kitu. Tulimwita Bwana Kilomita. Ukimtajia viwanja viwili vyovyote, anakutajia umbali, anagawa kwa mia nane, anaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, kisha anakutazama akisubiri makofi. Na alikuwa anapatia, ndiyo maana kichwa kilimvimba.

Baba alipopata nafasi ya upasuaji wa mapafu ng'ambo, baba mdogo ndiye aliyekata maneno sebuleni. Baba alipumua kwa msaada wa mashine ndogo ya oksijeni inayotumia betri, na kwenye viti vya ndege ile hapakuwa na pa kuchomeka. Muuguzi alitushauri tukodi betri ya tatu.

"Ya nini?" baba mdogo alisema. "Kilomita elfu saba na mia mbili. Saa tisa na nusu. Betri mbili zina saa kumi na moja. Mnataka kaka abebe matofali?"

Mama alinitazama. Mimi nikacheka. Sijajisamehe kicheko kile.

Waliruka saa mbili asubuhi, baba na mama. Nilibaki uwanjani, kwenye chumba cha mizani cha baba mdogo, nikiifuatilia ndege kwenye simu. Ilikwenda vizuri mpaka saa tano, ikaanza kupinda kushoto.

"Baba mdogo, mbona inapinda?"

"Inakwepa wingu, mwanangu. Itanyooka."

Saa sita ilikuwa haijanyooka. Baba mdogo aliacha kutania wapagazi. Saa saba aliinuka, akaenda kwenye ubao wa matangazo, ambao yeye mwenyewe huubandikia karatasi kila Jumatatu. Akasoma moja kwa kidole, taratibu. Anga ya nchi mbili ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita. Safari zote za njia ile zizungukie kusini. Muda mpya, saa kumi na tatu.

Alikuwa ameibandika bila kuisoma. Umbali aliujua kichwani, na viwanja havihami.

"Piga simu ofisi ya safari," nilimwambia.

"Subiri kwanza, nikokotoe."

"Unakokotoa nini? Piga simu!"

Alichukua kalamu. Nusu saa nzima aligawa na kujumlisha nyuma ya fomu ya mizigo, akifuta na kuanza upya, akitafuta saa mbili ambazo hazikuwepo. Nilimpenda baba mdogo tangu utotoni, lakini pale nilimchukia. Nikampokonya kalamu.

Ndipo akapiga. Walimjibu kwamba rubani angeweza kutua njiani, ila ndege imeacha nchi kavu dakika ishirini zilizopita, na mbele ni bahari tupu hadi mwisho wa safari. Ndani kuna mtungi mmoja wa dharura. Atapewa.

Baba mdogo alikata simu, akakaa juu ya mizani. Namba zikawaka, zikatulia kwenye uzito wake. Hakuna aliyemwondoa.

Mama alipiga kesho yake asubuhi. Hakulia. Aliniambia niweke sauti kubwa ili shemeji yake asikie.

"Betri zilikata. Mtungi nao ukaisha," alisema. "Niliangalia saa kaka yako alipokata roho, shemeji. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini tutue."