Gundi Juu ya Gundi

Fundi wa boti za kujaza upepo alikuwa na mdomo mkubwa kuliko karakana yake. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, makopo ya gundi na dirisha la kuangalia barabara. Mdomo ulifika mpaka ng'ambo ya bwawa. "Mshono wangu," alipenda kuwaambia wateja, "boti itaoza yenyewe, mshono utabaki." Watu walicheka, wakambatiza Mzee Gundi, na jina hilo likamvimbisha kichwa.

Kusema kweli, kazi aliijua. Mshono wa boti ya mpira ukiachia, hupaki gundi mpya juu ya ile ya zamani. Unaikwangua ya zamani yote kwa msasa, unasugua kwa dawa mpaka kitambaa chenyewe kionekane, unapaka gundi nyembamba, unangoja ikauke, unapaka tena, ndipo unagandisha. Na mvua ikinyesha unakaa kitako, maana unyevu ukiingia kwenye gundi umekula hasara. Alikuwa ameyarudia maneno hayo miaka thelathini, hata mkewe aliweza kuyataja yote huku anafua, bila kukosea.

Sasa basi, boti ya klabu ya kuogelea ilimjia wiki ya mvua. Aliileta mwalimu wa watoto, binti mpole asiye na maneno mengi, na aliihitaji Jumamosi. Boti hiyo ndiyo iliyowafuata watoto majini. Anayechoka anashika kamba yake anapumzika. Mzee Gundi alitazama mvua dirishani, akatazama vidole vyake vilivyochubuliwa na msasa, akajisemea kwamba mara moja si neno. Akapaka gundi juu ya gundi, mishono ya pande zote mbili. Ikashika vizuri tu. Hata alipoijaza upepo na kuimwagia maji ya sabuni, haikutoa povu.

Wiki tatu baadaye, siku ya jua kali, mshono mmoja uliachia katikati ya bwawa, watoto kumi na mmoja wakiwa majini. Mwalimu aliwatoa wote salama, wa mwisho akiwa amemeza maji mengi. Mwenyekiti wa klabu alikuja karakana amefura, akataka kujua imekuwaje. Mzee Gundi, ambaye boti yenyewe hakuwa ameitia machoni tangu iachie, alijibu papo hapo.

"Ni jua hilo. Mwalimu wenu hafuniki boti."

Mwalimu akanyang'anywa watoto na filimbi yake siku ile ile, akawekwa mlangoni kugawa taulo.

Siku ya tatu alikuja mwalimu mwenyewe, anasukuma boti kwenye mkokoteni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuwa naifunika kila siku, lakini labda kuna siku nilisahau. Nimekuharibia kazi yako."

"Basi, basi," alisema Mzee Gundi. "Hayo yamepita."

Akamsamehe! Mtu mzima na mvi zake, alikaa pale akamsamehe yule binti.

Binti alipoondoka, Mzee Gundi aliinamia mshono ulioachia, akauvuta. Gundi yake ilitoka yote kama utando wa maziwa yaliyochemka. Chini yake ilikuwepo gundi ya zamani, ya manjano, haijaguswa na msasa hata kidogo. Jua lilikuwa limemaliza tu kazi aliyoianza yeye. Uso ulimwaka moto, ingawa hakukuwa na mtu mle ndani wa kumwona. Aliona aibu ya kosa, lakini iliyomuuma zaidi ilikuwa aibu ya ule msamaha.

Mkewe aliingia na chai, akamkuta ameduwaa.

"Kuna nini, baba watoto?"

"Nimemsingizia mtoto wa watu."

Mkewe aliiweka chai mezani. "Sasa mbona umekaa?"

Aliikokota boti mpaka klabu, jasho linamtiririka, akamkuta mwenyekiti na wazazi kadhaa wanawasubiri watoto wao. Akasema mbele yao wote kwamba kosa ni lake. Mwenyekiti akacheka.

"Mzee una huruma sana. Kwa vile umemwona binti analia, sasa unajitwisha mzigo wake. Nani hapa asiyeijua kazi yako?"

Wazazi wakatikisa vichwa kukubali. Mzee Gundi alitamani ardhi ipasuke. Miaka thelathini ya kujisifu, na leo anaposema ukweli anaonekana mtu mwema!

"Upande huu mwingine niliubandika siku ile ile," alisema. "Haujaachia bado. Vuta, mwenyekiti. Kwa vidole tu."

Mwenyekiti alivuta kwa vidole viwili, kwa kumridhisha mzee. Mshono ukafunguka urefu wa mkono mzima. Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti alikohoa, akaenda mlangoni alikokuwa mwalimu na taulo zake, akamrudishia filimbi bila kumtazama usoni.

Mzee Gundi alimfuata. "Mwanangu, nisamehe."

Alitarajia kuambiwa basi, yamepita. Binti alizikunja taulo mbili, akaziweka juu ya nyingine.

"Nilipita nyumba kumi na moja kuomba radhi," alisema. "Mlango kwa mlango. Mama mmoja alinifungia mlango usoni. Baba mmoja aliniita muuaji, mbele ya mwanawe. Nikaitikia, Mzee. Nikasema ndiyo, ni kosa langu."

Mzee Gundi alichukua taulo moja, akaikunja.

"Kesho saa tatu asubuhi tukutane hapa," alisema binti. "Tutaanza na yule aliyeniita muuaji."