"Sawa" ya Mama Pasi

Saa moja asubuhi, ua wa nyuma wa Mama Pasi umeshajaa harufu ya sabuni na mvuke wa maji ya moto. Mashuka ya nyumba ya wageni yamekauka kwenye kamba, na kabla jua halijawa kali ni lazima yakunjwe.

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mama Pasi anashika ncha mbili, na wifi yake, yaani dada wa mumewe, anashika mbili za upande wa pili. Wanarudi nyuma, wanalivuta mpaka linakaza, wanalikung'uta, wanalikunja kwa urefu. Kisha wanaendeana mpaka wakutane katikati, na wifi anapokea ncha zote.

Anayewatazama kutoka mlangoni atasema hawa wawili wana nidhamu ya kazi, maana hakuna anayefungua mdomo. Nidhamu gani! Wamenuniana, na hii ni wiki ya pili.

Mume wa Mama Pasi, dereva wa lori aliye likizo, amegeuzwa simu ya nyumba.

"Mwambie dada yako sabuni ya unga imeisha," anasema Mama Pasi. Dada mwenyewe amesimama palepale, akinyoosha mkono anamgusa.

"Mwambie mkeo nimeshaona," anajibu wifi.

"Mmesikiana," anasema mume, na kurudia chai yake.

Mama Pasi ni mama wa watoto watatu, mwenye mikono minene na sauti ya chini. Jina la Pasi amepewa na majirani kwa sababu kola ikipita mikononi mwake hairudi na mkunjo. Alianza na pasi ya mkaa, akifua mashati ya watu wa mtaa wake ili kumsaidia mumewe. Leo ana pasi mbili za umeme na wateja wa kudumu. Si kazi ya kutajirisha. Mwezi ukiwa mzuri, nyumba inakula, ada inalipwa na sabuni ya mwezi unaofuata inapatikana. Mvua zikianza, mambo yanakuwa mengine kabisa, kwani nguo hazikauki na mteja haelewi.

Wifi alikuja kumsaidia alipojifungua mtoto wa pili. Alikuja kwa wiki mbili. Mtoto huyo sasa ana miaka tisa, na wifi bado yupo.

"Huyu amenifulia nguo zangu za uzazi," anasema Mama Pasi, akimwelekezea kidevu mwenzake aliyekwenda kwenye kamba. "Nilipougua, alinilisha kwa mkono. Ndugu zangu wa tumbo moja hawakufanya hivyo. Nikimkosa huyu, sijui niseme nini."

Ugomvi wenyewe, kwa anayetegemea kusikia matusi na masufuria kurushwa, ni mdogo mno. Jioni moja walikuwa wanapiga pasi foronya. Wifi akasema, "Wifi, nimepata chumba karibu na soko. Nataka nijaribu kazi yangu mwenyewe."

Mama Pasi akajibu, "Sawa."

Basi. Akaendelea kupiga pasi. Lakini foronya aliyokuwa nayo mkononi iliungua katikati, na tangu aanze kazi hii watu hawajawahi kuona ameunguza kitu. Aliikunja harakaharaka akaificha chini ya meza.

Mumewe anacheka kimoyomoyo anaposimulia habari za neno hilo. "Mke wangu ana sawa tatu," anasema. "Kuna sawa ya kweli. Kuna sawa ya kukuondoa njiani. Na kuna ile ya tatu, ambayo ukiisikia unachukua mto wako mwenyewe unakwenda kwenye kochi. Dada yangu alipewa hiyo ya tatu."

Mama Pasi hakatai. Anasema amekulia katika nyumba ya makelele, ambako wazazi wake walikuwa wakigombana mpaka mtaa mzima unajua chanzo. Alijiapiza kwamba kwake hakutakuwa na sauti ya juu. Na kweli haipo.

"Nilidhani nikinyamaza ndiyo amani," anasema. "Kumbe kunyamaza nako ni kugombana, tofauti ni kwamba hujui zamu ni ya nani."

Ukimuuliza kwa nini hakusema lolote jioni ile, anabana midomo kwanza. "Ningemwambiaje? Ni mtu mzima, ana haki ya kuwa na chake. Nikimzuia, watu watasema nimemgeuza dada wa mume wangu kijakazi. Nikimruhusu, ninabaki peke yangu na ua huu. Yote mawili yaliniuma. Nikasema sawa."

Upande wa pili wa ua, wifi anatoa vibanio kwenye kamba kimojakimoja na kuvitia kwenye kopo. Yeye ni mwembamba, mwepesi wa maneno, na maneno yamemkaa kooni siku zote hizi.

"Nilitegemea anigombeze," anasema kwa sauti ya kutosikika mbali. "Angesema, 'Unaniacha na nani, we mwanamke?' ningejua ananitaka. Aliposema sawa, nikajiambia, kumbe nilikuwa mzigo miaka yote hii. Sasa nikiondoka hivi, nitarudije hapa? Nitawasalimiaje watoto?"

Hapo ndipo palipo na kitu cha kuogopesha. Chumba kimeshapatikana na Jumamosi anahama. Kuhama si tatizo. Tatizo ni kwamba kila mmoja anaamini mwenzake amefurahi.

Limebaki shuka la mwisho. Wanalivuta, wanalikung'uta, wanalikunja, wanaendeana. Wifi ananyoosha mikono kupokea ncha, lakini Mama Pasi haachii.

"Niachie," anasema wifi. Ni neno la kwanza kumwambia moja kwa moja tangu jioni ile.

"Ngoja." Mama Pasi anatazama vidole vyake. "Wifi, niliumia."

Mume, mlangoni, ameshika kikombe bila kunywa.

"Uliumia nini, na wewe ulisema sawa?"

"Nilisema uongo. Niliunguza foronya ya watu kwa sababu yako. Iko chini ya meza, kaitazame."

Wifi anamkazia macho, kisha mabega yanamshuka. "Mimi nikadhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe? Nani atanichekesha hapa, huyu ndugu yako?"

"Mimi nimefanya nini tena?" anauliza mume, lakini hakuna anayemjibu. Wifi ameanza kucheka huku anafuta macho kwa ncha ya shuka safi la wateja, jambo ambalo siku nyingine lingezua kesi.

"Kwa hiyo nisiende?" anauliza.

Mama Pasi anavuta pumzi ndefu. Mtu anaona kabisa neno fupi limefika kwenye ulimi, na namna anavyolimeza.

"Nenda," anasema. "Nitalia kidogo, lakini nenda. Na ukipata mashuka makubwa usikunje kwa kufunga ncha kwenye kitasa cha mlango, niite nije."

Jumamosi Mama Pasi hatafua. Amepanga kwenda kusugua sakafu ya chumba cha karibu na soko kwa mikono yake, na pasi moja kati ya mbili itakwenda huko pia. Akiba ikitosha, kabla ya mvua kuanza anataka kuezeka sehemu ya ua wake kwa mabati ili nguo za pande zote mbili zipate pa kukaukia.

Na wateja wakianza kumkimbia, wakamfuata wifi yake sokoni?

"Nitanuna," anasema bila kusita, huku akichomeka pasi kwenye umeme. Anajaribu joto lake kwa kidole kilicholowa mate. "Nitanuna, halafu nitamfuata kulekule nimwambie nimenuna."